Willy Loman alipewa kazi akaikataa: mtu wa kawaida anakuwaje shujaa wa tanzia?

Mzee wa Pazia (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Kila tanzia (mchezo wa kuigiza unaoishia kwenye maafa) ikijadiliwa humu, hakosi mtu wa kusema kwamba tanzia ni mambo ya wafalme. Oedipus wa Sophocles, mtunzi wa Ugiriki ya kale, ana mji mzima wa Thebes mgongoni. Lear ana ufalme wa kugawa. Macbeth anaua kwa ajili ya taji. Sasa mtu wa mshahara akianguka, anaanguka kutoka wapi? Juzi hoja hiyo imerudi tena kwenye uzi mwingine, nikaona nisiijibu kwa mistari miwili. Naiweka hapa tuichambue.

Nianze na mtu ambaye lazima atajwe. Tarehe 10 Februari 1949, katika ukumbi wa Morosco, Broadway, mchezo wa Arthur Miller, Death of a Salesman, ulifunguliwa. Muongozaji Elia Kazan, na Lee J. Cobb ndiye Willy Loman: mtu wa mauzo wa miaka 63 ambaye maisha yake yameishia barabarani na masanduku mawili ya sampuli. Tarehe 27 ya mwezi huohuo Miller akatoa makala kwenye gazeti la New York Times. Alichosema, kwa maneno yangu: mtu wa kawaida anafaa kuwa shujaa wa tanzia sawasawa na mfalme, maana kinachotutikisa ni kumwona mtu aliye tayari kuutoa uhai wake, ikibidi, ili abaki na heshima yake. Hofu ya tanzia ni hofu ya kung'olewa kwenye ile picha tuliyojichagulia kwamba sisi ni nani hapa duniani. Hofu hiyo mfalme anayo na tarishi anayo.

Namkubali. Ila kwa maoni yangu makala ile ni dhaifu kuliko mchezo wenyewe. Inaongea kwa maneno mapana (heshima, hadhi, nafasi ya mtu), wakati mchezo unakupa ushahidi wa dola na senti.

Angalieni onyesho la kwanza la kumbukumbu. Willy amerudi safari, anamwambia mkewe Linda ameuza mia tano Providence na mia saba Boston. Linda anachukua penseli aanze kupiga kamisheni. Penseli ikianza kusogea, Willy naye anaanza kushuka: kulikuwa na maduka yanayohesabu bidhaa, unajua, kwa hiyo Providence labda mia na kitu... Mwisho safari nzima inakuwa kama mia mbili, na kamisheni yake dola 70 na senti kidogo. Linda hapigi kelele. Anataja tu madeni: firiji 16, mashine ya kufulia 9 na senti 60, kifyonza vumbi 3 na nusu, paa limebaki 21. Hakuna pigo la radi hapo, hakuna mzimu. Lakini umeshamwona mtu akishushwa kutoka kwenye picha yake, ngazi moja moja, na penseli ya mkewe anayempenda.

Baadaye anakwenda kwa bosi, Howard, ambaye umri wake ni 36 na ndiye mtoto wa bosi wa zamani. Howard ana mashine mpya ya kunasa sauti, anataka kuwasikiliza watoto wake wakitaja majina ya miji mikuu. Willy anaomba asisafiri tena, apewe dola 65 kwa wiki. Kisha 50. Kisha 40. Anajipiga mnada mwenyewe, bei ikienda chini. Anafukuzwa.

Hapo ndipo wengi wanapoishia: maskini, mfumo umemla. Lakini endeleeni kusoma. Kutoka pale anakwenda kwa jirani yake Charley, ambaye kwa muda mrefu amekuwa akimpa dola 50 kila wiki naye anakwenda nyumbani kumdanganya Linda kwamba ni mshahara. Siku hiyo anahitaji 110 za kulipia bima. Na Charley anamwambia: nakupa kazi, dola 50 kwa wiki, na sikutumi barabarani. Pesa ileile aliyokuwa akiililia kwa Howard. Willy anakataa. Anasema ana kazi. Anachukua ule mkopo, kazi anaiacha mezani.

Kwangu mimi tanzia iko pale. Kama tatizo lingekuwa njaa, mchezo ungeishia ofisini kwa Charley. Mtu wa kawaida anakuwa shujaa wa tanzia pale ambapo kuna mlango uko wazi, sote tunauona, na yeye hawezi kuupita bila kuacha nje mtu anayeamini kwamba ndiye yeye. Oedipus naye alikuwa na mlango: Jocasta, mkewe, alimsihi aache kuuliza yeye ni mtoto wa nani. Angeacha, angebaki mfalme.

Karibuni mnipinge.

---

Msomaji Mkavu

Mkuu, umeandika vizuri, na kwa sababu umeandika vizuri nitakupinga vizuri.

Mwanafalsafa Schopenhauer alishalijibu hili 1844. Alisema watu wa tabaka la kati kwenye tanzia wanakosa kimo cha kuangukia. Yanayoitia familia ya namna hiyo kwenye dhiki ni mambo ambayo kwa wakubwa ni madogo, na yanaweza kuondolewa kwa msaada wa binadamu mwenzao, wakati mwingine msaada mdogo tu. Kwa hiyo hayawezi kututikisa kitanzia. Karne moja na ushee baadaye, 1961, mhakiki George Steiner akalirudia kwa ukali zaidi: sheria laini za talaka zisingebadili lolote kwa Agamemnon, mfalme wa Kigiriki aliyeuawa na mkewe, lakini matatizo kadhaa makubwa kwenye michezo ya Ibsen, mtunzi wa Norway, yangetatuliwa na uchumi uliokaa sawa au mabomba bora.

Sasa hizo dola zako 16 za firiji zinaangukia upande gani? Mtu anayeweza kuokolewa na mkopo nafuu ni mtu wa kusaidiwa. Namhurumia. Lakini huruma ni nusu tu ya kipimo. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alitaka tanzia itutie huruma na hofu.

---

kimyakimya

Naweka kambi hapa.

---

Binti wa Safu ya Tatu

Kaka Mkavu, hayo mabomba ya Steiner yananichekesha kila siku, maana Ibsen kweli aliandika mchezo wa mabomba: An Enemy of the People, 1882, Dk. Stockmann anagundua maji ya mabafu ya mji yana vijidudu. Na ukiusoma, mabomba yanajulikana namna ya kuyatengeneza tangu mwanzo. Hakuna anayetaka kulipa. Ufundi upo, kinachokosekana ni watu.

Ila mimi nimekuja kwa ajili ya Nora, wa mchezo mwingine wa Ibsen, A Doll's House. Mleta uzi umeruka kutoka Ugiriki hadi 1949 kama vile katikati hapakuwa na kitu. Ibsen, akiwa Roma, tarehe 19 Oktoba 1878, aliandika dondoo zake za mwanzo juu ya mchezo ule na akaziita dondoo za tanzia ya wakati wa sasa. Shujaa wake ni mama wa nyumbani mwenye watoto watatu anayekula biskuti kwa kujificha. Huyo ndiye aliyeandaliwa kukaa kwenye kiti cha Oedipus.

Na kama mnataka hesabu, chukueni hati ya deni la Nora. Alikopa speciedaler 1,200, sawa na kroner 4,800, ili ampeleke mumewe Italia akapone. Mke hakuweza kukopa bila idhini ya mumewe; Nora akakopa kwa siri, na mkopeshaji akataka sahihi ya baba yake kama mdhamini. Krogstad, aliyemkopesha, anaichunguza ile hati na kuona kitu: baba amesaini tarehe 2 Oktoba. Lakini baba alifariki 29 Septemba. Siku tatu! Kule Thebes ilibidi aje mjumbe kutoka Korintho na mchungaji mzee wa kukumbuka mtoto aliyetupwa mlimani. Hapa ni tarehe mbili kwenye karatasi, na mtu mzima anafungwa kitanzi.

Ndiyo maana sikubaliani kwamba karatasi na madeni ni vitu vidogo. Karatasi inakumbuka. Ulichofanya zamani kwa nia njema kinarudi kukudai, na hakikujui wewe ni mwema kiasi gani. Wagiriki walikuwa na jina la kitu hicho, sisi tunakiita mkataba.

---

Mzee wa Pazia

> Msomaji Mkavu amesema: Mtu anayeweza kuokolewa na mkopo nafuu ni mtu wa kusaidiwa.

Sasa mbona mkopo anao? Wa bila riba kabisa, wa jirani, kila wiki! Ndiyo hoja yangu yote, mkuu. Schopenhauer anasema msaada wa binadamu mwenzako ungemaliza dhiki. Miller amemleta binadamu huyo jukwaani, amempa jina, amempa ofisi, amemwekea kazi mkononi, na dhiki haikuisha.

Kama Willy anakuchosha na madeni yake, tumweke pembeni. Chukua Eddie Carbone, kuli wa bandarini pale Red Hook, Brooklyn, mchezo wa Miller wa 1955, A View from the Bridge. Eddie hana shida ya pesa. Ana kazi, ana nyumba, ana mke, watu wa mtaa wanamheshimu. Kinachomla ni kwamba hawezi kumwachia Catherine, mtoto aliyelelewa nyumbani kwake, aolewe na kijana mhamiaji. Anakwenda kwa wakili Alfieri, na Alfieri anamwambia wazi: huna kesi, sheria haina la kukusaidia, mwachie binti aende, mbariki. Anarudi tena, anaambiwa vilevile, na safari hii anaonywa kwamba hatabakiwa na rafiki hata mmoja. Anatoka hapo anakwenda kwenye kibanda cha simu kuwapigia Uhamiaji, amchongee yule kijana na kaka yake Marco, kwenye mtaa ambao usaliti wa namna hiyo ni kifo cha jina. Sheria gani nafuu ingemwokoa huyo? Mabomba gani?

Na mwisho wake anadai nini kwa kelele mbele ya majirani? Anataka Marco amrudishie jina lake. Jina ambalo amelichafua mwenyewe. Ukiniambia mfalme yeyote wa Sophocles ana kimo kuliko hapo nitakusikiliza, lakini utakuwa na kazi.

---

fundi_taa

Nimefanya kazi ya taa jukwaani kwa muda mrefu, naomba nilete upande ambao wasomaji wa vitabu mnausahau.

Mfalme kwenye tanzia ana ushairi. Akibaki peke yake anageukia hadhira na kufungua moyo kwa beti. Mtu wa kawaida ukimpa beti hizo, ukumbi unacheka. Kwa hiyo mtunzi wa kisasa ana tatizo la kiufundi kabla hata hajafika kwenye falsafa: huyu mtu nitamfungua vipi, na yeye mwenyewe hana maneno?

Büchner, mtunzi wa Kijerumani, alilitatua kwa vipande. Woyzeck, askari mdogo kabisa, anaongea kwa sentensi zinazokatika, misemo ya watu, mstari wa Biblia, wimbo. Chekhov, Mrusi, akawaacha watu waongee mambo ya treni na hali ya hewa huku maisha yao yanauzwa nyuma yao (shamba la miti ya cherry linapigwa mnada tarehe 22 Agosti, na siku hiyohiyo nyumbani wanacheza dansi, muziki umekodiwa). Alisisitiza kwamba ule ni mchezo wa kuchekesha, lakini hilo ni la uzi mwingine.

Miller na mchoraji wa jukwaa Jo Mielziner walilitatua kwa nyumba. Nyumba ya Willy ilijengwa kama mifupa, kuta unaziona na huzioni, na maghorofa yameizunguka. Kanuni ni hii: tukiwa kwenye wakati uliopo, mwigizaji lazima apite mlangoni. Tukiwa kwenye kumbukumbu za Willy, anapita katikati ya ukuta. Hakuna anayeuelezea ukumbi kanuni hiyo, na dakika chache tu watu wameishika. Sasa fikiria kinachotokea Willy anapoanza kuchanganya: anacheza karata na Charley wa leo huku anaongea na kaka yake Ben aliyekwisha kufa, wote wawili wako jukwaani, Charley anamwona mmoja tu. Hicho ndicho kilio chake cha peke yake. Hana ushairi, kwa hiyo jukwaa limemfanyia ushairi. Miller mwanzoni alitaka mchezo uitwe kwa jina linalomaanisha ndani ya kichwa cha mtu huyu, na alifikiria uso mkubwa ulio wazi jukwaani. Afadhali hakufanya.

Na lugha yenyewe, sikilizeni anavyojipinga. Chevrolet ni gari bora kuliko yote yaliyowahi kutengenezwa. Muda mfupi baadaye anasema wangepaswa kupiga marufuku kutengeneza gari kama lile. Biff, mwanawe mkubwa, ni mvivu. Biff si mvivu hata kidogo. Ukimwandikia mfalme hivyo utasema kachanganyikiwa. Huyu hajachanganyikiwa, anauza.

---

kimyakimya

fundi_taa umenifanya nifungue tena kitabu. "Huyu anauza", duh.

---

Msomaji Mkavu

Eddie nampokea kwa muda. Willy bado.

Nina tatizo ambalo hamjaligusa: utambuzi. Oedipus anaanguka, lakini anajua. Ile saa anayotoka macho yakiwa yametobolewa, hakuna mtu ukumbini anayejua zaidi yake. Willy anakufa hajui kitu. Anakwenda kuendesha gari hadi kufa akiamini dola 20,000 za bima zitamfanya Biff kuwa mtu mkubwa, muda mfupi baada ya Biff kumlilia kifuani akimwomba aichome ile ndoto. Na bima yenyewe hakuna uhakika kama italipa, Linda amekwishaeleza kwamba kampuni inazishuku zile ajali zake za nyuma. Mtu anakufa kwa ajili ya wazo lililokwisha kukanushwa mbele ya macho yake. Hiyo ni picha ya kusikitisha. Tanzia inahitaji mtu wa kuona.

Anayeona ni Biff. Biff ndiye aliyeiba kalamu ofisini kwa Bill Oliver, bosi wake wa zamani, akashuka ngazi ghorofa kumi na moja, akasimama katikati ya jengo akaitazama ile kalamu akajiuliza anaitakia nini. Huo ndio utambuzi. Kama kuna shujaa, ni yeye, na yeye hafi. Kwa hiyo mna mchezo ambao anayekufa haoni na anayeona hafi. Ugawaji wa ajabu.

---

Binti wa Safu ya Tatu

Na Linda anaona kila kitu kuanzia ukurasa wa kwanza. Amekuta bomba la mpira nyuma ya kisanduku cha fyuzi kule chini, la kuunganishwa na gesi ya hita ili Willy ajiue. Kila siku analitoa, na kila Willy akirudi nyumbani analirudisha palepale ili asimwaibishe. Mnatafuta mwenye utambuzi, kumbe amekaa jikoni anatia viraka soksi zake ndefu. Willy akiona zile soksi anafoka, hataki kuziona zikishonwa ndani ya nyumba yake, maana mpya alimpa mwanamke wa Boston. Linda hajui sababu ya ukali huo. Sisi tunajua.

Naliweka tu. Kila mkitaja heshima ya mtu wa kawaida, muulize nani anaishonea.

---

Mzee wa Pazia

Dada Binti, hilo la bomba ni zito kuliko sehemu kubwa ya makala ya Miller.

Mkavu, nimekaa na swali lako tangu jana. Nakujibu kwa kutumia Aristotle wako mwenyewe.

Kwanza, Aristotle hakuufanya utambuzi kuwa sharti la kila tanzia. Anazitenga hadithi zenye utambuzi au mgeuko, anaziita changamano, na anazipenda zaidi. Zile sahili nazo anazihesabu. Pili, na hapa ndipo penyewe, angalia anavyoueleza utambuzi: ni kutoka kwenye kutojua kwenda kwenye kujua, kunakoleta upendo au uadui kati ya wale waliopangiwa heri au maafa. Hasemi mtu ajue falsafa ya maisha yake. Hasemi ajue kwamba ndoto ilikuwa mbovu. Kujua ambako kunageuza nani ni mpenzi wako na nani ni adui yako.

Sasa rudi kwenye onyesho lile. Kwa miaka mingi Willy anaamini Biff anajiharibu makusudi ili kumkomoa. Tangu siku ya Boston, alipofumaniwa hotelini na yule mwanamke, anaishi na mtoto anayedhani anamchukia. Biff analia kifuani kwake, anapanda kulala. Na Willy, kwa mshangao, anasema kwamba Biff anampenda. Linda na Happy, mwanawe mdogo, wanamhakikishia: amekupenda siku zote. Huo ni utambuzi kwa herufi zote za Aristotle, kutoka uadui kwenda upendo. Na ndio unaomuua! Dakika hiyohiyo Ben anatokea. Mtu aliyekuwa anasitasita kufa kwa sababu mwanawe angemwona mwoga, sasa ana sababu ya kufa: anapendwa, kwa hiyo lazima ampe kitu.

Oedipus alijua ukweli akatoboa macho. Willy alijua ukweli mmoja, akautumia kuthibitisha uongo wote uliobaki. Unaweza kusema hicho ni kidogo. Mimi hunitia hofu, ile hofu uliyoitaka juu.

Miller anasimulia kwamba kule Philadelphia, kabla ya Broadway, pazia lilipofungwa hakuna aliyepiga makofi kwa muda. Wanaume walikaa wameinamisha nyuso, wengine wanalia. Na kwamba Bernard Gimbel, mwenye maduka makubwa, alitoa amri usiku huo kwamba asifukuzwe mfanyakazi kwa ajili ya umri. (Steiner angesema: ndiyo hayo mabomba.)

---

Mtoro wa Mazoezi

Habari wakuu, naingilia. Nina shida na ule mlango wa mleta uzi. Umeweka kanuni: mlango wazi, mtu hapiti. Haya, Woyzeck ana mlango gani?

Nahodha anamtumia kunyoa ndevu na kumhubiria maadili. Daktari anampa visenti vya jaribio la kula njegere tupu, na akikojoa ukutani badala ya kwenye chupa anagombezwa kwa kuharibu sayansi. Pesa yote anampelekea Marie na mtoto. Mpiga ngoma wa jeshi anamchukua Marie na kumpiga yeye. Anakwenda kununua silaha, bastola ni ghali, ananunua kisu. Büchner alifariki 1837 akiwa na miaka 23, maandishi hayajakamilika, na hayakupandishwa jukwaani mpaka 1913 huko Munich. Nyuma yake yuko mtu wa kweli aliyekatwa kichwa Leipzig mwaka 1824, na madaktari walibishana kama alikuwa na akili timamu.

Kwa kanuni yako huyu si shujaa. Mimi nasema ndiye mkubwa kuliko wote mliowataja, kwa sababu hana hata fursa ya kukosea vizuri.

---

Mzee wa Pazia

Mtoro, karibu, umegonga penye mfupa. Kanuni naibakiza kama ilivyo. Woyzeck ni tanzia isiyo na shujaa, na nadhani Büchner alitaka iwe hivyo: alijenga chumba kisicho na mlango akatuonyesha mtu akitafuta kitasa. Hicho ni kitu kikubwa. Lakini Miller alipomtetea mtu wa kawaida alikuwa anatetea uwezo wake wa kukataa, na Woyzeck amenyang'anywa hata huo.

---

Mtoro wa Mazoezi

Basi kanuni yako inawapa ushujaa wale tu ambao mfumo umewaachia nafasi ya kujiona. Wanaobanwa kabisa wanabaki kuwa "kisa". Sioni kama hilo ni dogo.

---

Mama Kitabu

Wanangu, kabla hamjatoana macho, hapo kwenye kubanwa kuna watunzi wawili hamjawataja.

Lorraine Hansberry, A Raisin in the Sun, 1959. Mchezo wa kwanza wa mwanamke mweusi kufika Broadway. Familia ya Younger, Chicago, na tena ni bima: dola 10,000 baada ya baba kufa. Mama anaweka 3,500 kwenye nyumba, 6,500 anamkabidhi mwanawe Walter Lee, dereva wa mtu, na sehemu ya hizo ni karo ya dada yake. Zinaibiwa zote na mtu aliyedhani ni mshirika wake. Anakuja bwana Lindner, mwakilishi wa wazungu wa mtaa mpya, anatoa pesa ili wasihamie. Huo ni mlango wazi kabisa, na Walter kwanza anaukubali, anafanya hadi mazoezi ya kupiga magoti. Kisha mbele ya mtoto wake anakataa. Kwa kipimo cha mleta uzi anafanya kama Willy: anakataa pesa ili abaki na jina. Mbona sasa si tanzia? Kwa sababu jina analolitetea ni la kweli. Baba yake kweli alifanya kazi mpaka akafa. Willy anatetea jina ambalo halikuwahi kuwapo.

Kisha August Wilson, Fences, Broadway 1987. Troy Maxson, mzoa taka wa miaka 53, Pittsburgh ya 1957. Alikuwa mchezaji hodari wa besiboli wakati weusi hawaruhusiwi ligi kuu. Waliporuhusiwa yeye amezeeka. Mwanawe Cory anatafutwa na chuo kwa ajili ya mpira wa miguu wa Kimarekani. Mlango uliofungwa kwa baba umefunguka kwa mtoto, na anayekwenda kuufunga ni baba, kwa mkono wake, akidai anamlinda. Na ile nyumba anayojidai nayo imenunuliwa kwa dola 3,000 za fidia ya ndugu yake Gabriel, aliyeumia kichwa vitani.

Mtoro, Troy alibanwa, na bado ana kosa lake mwenyewe. Wilson hakumpunguzia hata moja ili kutetea lingine. Ndivyo inavyoandikwa.

---

fundi_taa

Mama, heshima yako.

Nyongeza fupi kwa wanaosema Willy ni ugonjwa wa Wamarekani tu: 1983 Miller mwenyewe alikwenda Beijing kuuongoza mchezo huo, Ying Ruocheng akautafsiri na kumcheza Willy. Nchi ambayo wakati ule haikuwa na watu wa mauzo wa kuzunguka wala biashara ya bima ya maisha kama ile. Waliouona walimwelewa. Baba anayemtwika mtoto ndoto yake hahitaji maelezo ya chini ya ukurasa.

---

Msomaji Mkavu

Mama Kitabu amenifunga kwa Troy, simng'ang'anii. Eddie nilishampokea. Kuhusu Willy, hoja ya upendo na uadui ni nzuri kuliko nilivyotegemea, lakini bado naona mtunzi anamhurumia zaidi ya anavyomheshimu. Lile onyesho la makaburini, watu watano, karibu kila mmoja akimweleza marehemu: Sophocles asingehitaji Charley asimame kumtetea mtu wake.

Ila Nora mnamchanganya na hawa. Nora mwishoni anamwacha mume na watoto: alipita mlangoni. Mlango ukabamizwa, pazia. Huo ni ukombozi, si tanzia, hata kama Ibsen aliandika nini Roma.

---

Binti wa Safu ya Tatu

Kaka Mkavu, milango kwenye nyumba ile ni zaidi ya mmoja. 1880 mwigizaji wa Kijerumani, Hedwig Niemann-Raabe, aligoma kuucheza mwisho ule, akasema yeye asingewaacha watoto wake. Sheria za hakimiliki hazikuwa zinamlinda Ibsen kule Ujerumani, akaona bora auharibu mwenyewe kuliko kuharibiwa na mwingine. Akaandika mwisho ambao Torvald, mumewe, anamvuta Nora hadi mlango wa chumba cha watoto waliolala, Nora anaishiwa nguvu, anabaki. Ibsen mwenyewe aliuita ukatili wa kishenzi dhidi ya mchezo.

Sasa weka miisho miwili pamoja. Akibaki, amekufa kama mtu. Akiondoka, anawaacha Ivar, Bob na Emmy kwa yaya yuleyule aliyemlea yeye, yaya ambaye naye alimwacha mtoto wake ili apate kazi hiyo. Hilo liko kwenye kitendo cha pili, watu hulipita. Unaniambia ukombozi, mimi nauliza umewahesabu waliomo chumbani au umesikia mlango tu?